Kisa cha Le Chambon: Mkristo anapovunja sheria ya nchi

Katika majira ya baridi ya 1940 kuelekea 1941, mwanamke Myahudi aliyekimbia Ujerumani aligonga mlango wa nyumba ya mchungaji katika kijiji cha Le Chambon-sur-Lignon, juu milimani, kusini ya kati ya Ufaransa. Alikuwa amelowa theluji. Magda Trocmé, mke wa mchungaji, alimwingiza ndani, akampa chakula, na viatu vyake vikawekwa kwenye jiko la kuni vikauke. Kisha Magda akaenda kwa meya kumwombea mgeni karatasi za kukaa. Meya alikataa, akaagiza mwanamke yule aondoke kijijini. Magda aliporudi alikuta viatu vimeungua, na katika majira yale ya uhaba ikambidi azunguke kijijini kutafuta jozi nyingine.

Meya hakuwa mtu katili. Alikuwa na watu wake wa kuwalinda, na mgeni mmoja asiye na kibali angeweza kuwaponza wote. Sheria nayo ilikuwa upande wake. Tangu Mei 1938, kabla ya vita, Ufaransa ilikuwa na amri ya kumwadhibu yeyote anayemsaidia mgeni kuingia au kukaa nchini bila kibali. Tarehe 3 Oktoba 1940 ilitoka sheria ya kuwaondoa Wayahudi katika utumishi wa umma na kazi nyingine nyingi, na kesho yake ikatoka nyingine iliyowapa wakuu wa mikoa uwezo wa kuwafungia kambini Wayahudi wa kigeni. Katika miaka iliyofuata, watu wa kijiji kile na vijiji vya jirani, wengi wao Waprotestanti, walizivunja sheria hizi na nyingine kwa kuwaficha maelfu ya wakimbizi, kuwalisha, kuwasomesha watoto wao na kuwatengenezea vitambulisho vya bandia.

Je, walitenda dhambi? Nimekichagua kisa hiki kwa sababu karibu kila mtu hujibu upesi kwamba hawakutenda, na jibu hilo la upesi huacha nyuma maswali magumu. Biblia waliyoisoma kila Jumapili ina maneno haya ya mtume Paulo, katika Warumi 13: "Kila mtu na aitii mamlaka iliyo kuu; kwa maana hakuna mamlaka isiyotoka kwa Mungu." Mtume hakuandika "mamlaka iliyo njema".

Serikali ilikuwa halali

Wapo wanaolikwepa swali kwa kusema kwamba utawala wa Marshali Pétain, aliyeiongoza Ufaransa baada ya kushindwa na Ujerumani mwaka 1940, ulikuwa kibaraka wa Wanazi, hivyo haukustahili kutiiwa na yeyote. Historia haituruhusu kupita hapo kirahisi hivyo. Tarehe 10 Julai 1940 wabunge wa Ufaransa walikutana mjini Vichy wakampa Pétain mamlaka yote kwa kura 569 dhidi ya 80. Waliopiga kura hizo walikuwa wamechaguliwa na wananchi. Tena Le Chambon ilikuwa katika sehemu ya nchi ambayo Wajerumani hawakuikalia hadi Novemba 1942. Askari waliokuja kuwasaka Wayahudi mwezi Agosti mwaka huo walikuwa Wafaransa, wakitekeleza amri za serikali ya Ufaransa.

Naliweka hili mbele makusudi. Tukisema Mkristo anaruhusiwa kuvunja sheria pale tu serikali inapokosa uhalali, tunakuwa tumehamisha uamuzi wa dhamiri kwenda kwa wanasheria wa katiba. Serikali yaweza kuingia madarakani kwa njia zote zinazotakiwa, kisha ikaamuru uovu. Farao alikuwa mfalme halali wa Misri alipowaamuru wazalisha Shifra na Pua kuwaua watoto wanaume wa Waebrania, na Kitabu cha Kutoka hakipotezi hata mstari mmoja kujadili uhalali wa kiti chake. Kinasema tu kwamba walimcha Mungu na hawakufanya walivyoamriwa.

Paulo na lile kapu

Turudi kwenye Warumi 13, maana hoja ya utii hapo si hoja dhaifu. Paulo aliandika barua ile wakati wa Nero, kaisari wa Roma. Anadai kodi, ushuru, hofu na heshima kwa wanaostahili. Petro anaandika hivyo hivyo: "Tiini kila kiamriwacho na watu, kwa ajili ya Bwana." Anayedhani Mkristo ni huru kuchagua sheria za kutii kama achaguavyo nguo za kuvaa hajawasoma mitume hawa.

Lakini Paulo huyo huyo, katika barua yake ya pili kwa Wakorintho, anasimulia jinsi liwali wa mfalme Areta alivyoulinda mji wa Dameski ili amkamate, naye akateremshwa ndani ya kapu kupitia dirisha la ukutani, akaponyoka. Anaisimulia habari hii bila toba. Petro naye, aliyeandika habari ya kutii kila kiamriwacho, ndiye aliyeliambia baraza la Yerusalemu: "Imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu," na hakuacha kuhubiri alipokatazwa. Ama mitume hawa walipingana na maisha yao wenyewe, ama utii waliofundisha ulikuwa na mipaka ambayo wao na wasomaji wao waliijua.

Mpaka huo umo ndani ya Warumi 13 yenyewe. Mtawala, anasema Paulo, "ni mtumishi wa Mungu kwako kwa ajili ya mema". Mtumishi ana aliyemtuma. Utii ninaompa ni wa kweli, lakini anaupokea kwa niaba ya mwingine, na akiniamuru nimtendee jirani yangu kinyume cha yule aliyemtuma, amri hiyo haina wa kuibeba. Mistari michache mbele, sura hiyo hiyo inasema: "Pendo halimfanyii jirani neno baya; basi pendo ndilo utimilifu wa sheria." Ni ajabu jinsi watu wanavyoisoma sehemu ya kwanza ya sura hii kwa sauti kubwa kisha wakaifunga Biblia kabla ya kufika mstari wa kumi.

Thoma wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, aliligawa jambo hili kwa namna inayonisaidia kuliko nyingine zote. Sheria dhalimu, alisema, hufanana zaidi na mabavu kuliko sheria, na kwa yenyewe haiifungi dhamiri. Hata hivyo kama inanidhulumu mimi tu, huenda nikapaswa kuachilia haki yangu ili kuepusha kashfa au vurugu. Ile inayoniamuru kutenda kinyume cha amri ya Mungu hairuhusiwi kutiiwa kabisa. Calvin, mwanamageuzi wa kanisa wa karne ya 16, ambaye Waprotestanti wa Le Chambon walikuwa warithi wake, alikuwa mkali sana kwa waasi, lakini anaifunga kazi yake kubwa ya teolojia kwa neno lile lile la Petro: utii kwa watawala usitutoe kamwe katika utii kwa Mungu.

Sasa itazame Le Chambon kwa macho hayo. Sheria za Vichy, yaani za serikali ya Pétain, hazikuwadhulumu wanakijiji. Hakuna aliyewakataza kusali wala kubatiza, na wangeweza kuishi miaka yote ya vita wakiimba zaburi zao bila usumbufu, ilimradi wafunge milango. Walichotakiwa ni kumtoa mtu mwingine. Hapo ndipo wajibu wa kutii ulipokwisha, na ulikwisha kabisa. Kumtoa mtu asiye na kosa akamatwe, apelekwe kusikojulikana, ni kumfanyia jirani neno baya, na mhuri wa serikali haulibadilishi tendo hilo kuwa jingine.

Hawakuwa na haja ya kusoma Thoma ili walijue hili. Mababu zao waliposoma Biblia katika Ufaransa baada ya 1685, mfalme alipoufuta uhuru wao wa ibada, walikuwa wahalifu kwa sheria. Walikusanyika maporini, wachungaji wao wakanyongwa. Marie Durand alifungwa katika mnara wa Aigues-Mortes mwaka 1730 akiwa msichana, akatoka 1768. Angeweza kutoka mapema kama angeikana imani yake. Kijiji kilichokua kikisimuliwa habari kama hizo hakiwezi kuamini kwamba halali na haki ni kitu kimoja.

Waliitangaza nia yao

Tarehe 23 Juni 1940, siku moja baada ya Ufaransa kutia sahihi mkataba wa kusitisha vita na Ujerumani, wachungaji André Trocmé na Édouard Theis waliwaambia waumini kwamba watapinga pale adui atakapodai utii unaokwenda kinyume na Injili, na kwamba watafanya hivyo bila woga, lakini pia bila kiburi na bila chuki. Maneno haya ya mwisho ni ya kushikwa, kwa sababu kuvunja sheria kwa ajili ya haki kuna ulevi wake: mtu huanza kwa kumtetea mnyonge, akamalizia kwa kufurahia kumdharau askari.

Agosti 1942, wiki chache baada ya polisi wa Paris kuwakamata maelfu ya Wayahudi kwa siku mbili, Georges Lamirand, afisa mkuu wa serikali wa mambo ya vijana, alitembelea Le Chambon. Wanafunzi wakubwa wa shule ya kijiji walimkabidhi barua. Walimwambia kwamba kati yao kuna Wayahudi, kwamba wao hawatofautishi Myahudi na asiye Myahudi kwa kuwa ni kinyume cha Injili, na kwamba wenzao wakiamriwa kuhamishwa hawatatii, nao watajitahidi kuwaficha. Vijana wa shule walimwambia afisa huyo, ana kwa ana na kwa maandishi, sheria watakayoivunja na sababu yake. Mwezi huo huo polisi walifika na mabasi wakamdai Trocmé orodha ya Wayahudi. Akakataa. Walisaka mashamba na nyumba, wakaondoka karibu mikono mitupu.

Uwazi huu unawatofautisha na mhalifu wa kawaida. Mhalifu hutaka sheria iwabane wengine na imwachie yeye mwanya. Vijana wale walitaka sheria yenyewe ibadilike, na walimwambia hivyo mwenye uwezo wa kuibadilisha.

Vitambulisho vya bandia

Hadi hapa kisa ni chepesi. Kinapokuwa kizito ni pale tunapofika kwenye karatasi. Kumficha mtu hakutoshi: lazima ale, na chakula kilitolewa kwa kadi za mgawo, lazima apite barabarani, na barabarani aliombwa kitambulisho. Kwa hiyo walitengeneza vyote viwili, vyenye majina ya uongo na mihuri ya uongo. Hapa haikuvunjwa sheria ya Pétain peke yake. Je, na ile ya "usimshuhudie jirani yako uongo"?

Agostino, askofu na mwalimu wa kanisa la kale, angewakatalia. Katika maandishi yake juu ya uongo anamsifu Firmo, askofu wa Tagaste, mji wa kwao Agostino, aliyemficha mtu aliyekuwa akisakwa na wajumbe wa kaisari. Firmo aliwajibu kwamba hawezi kusema uongo wala kumtoa mtu yule. Akateswa, hakusema, na mwishowe kaisari mwenyewe akastaajabia msimamo wake, akamsamehe yule mtu. Ni habari nzuri, na naamini kuna watu walioitwa kwenye njia hiyo.

Siamini kwamba ni njia inayowadai wote. Firmo alibeba mateso katika mwili wake mwenyewe. Mtoto wa miaka saba aliyefichwa shambani hawezi kuambiwa ajibu kwa ujasiri kwenye kizuizi cha barabarani, na mkulima anayemhifadhi hawezi kuununua ukweli wake kwa maisha ya mtoto huyo. Wazalisha wa Misri walimdanganya Farao, na Maandiko yanasema Mungu akawatendea mema. Rahabu aliwapotosha waliowatafuta wapelelezi, na barua kwa Waebrania inamtaja katika safu ya watu wa imani. Kitambulisho kilikuwa kimegeuzwa chombo cha kuwindia watu. Aliyekiuliza njiani hakuwa akitafuta ukweli. Alikuwa akitafuta windo, na sioni kwamba alikuwa na haki juu ya jibu.

Hata hivyo nawaheshimu viongozi wa kijiji kwa sababu hawakulizoea jambo hili. Liliendelea kuwasumbua, na Trocmé hakuwahi kustarehe nalo. Baadaye alipolazimika kujificha alibeba kitambulisho chenye jina lisilo lake, lakini alipokamatwa kwa muda mfupi katika stesheni ya Lyon aliamua moyoni kwamba wakimuuliza jina lake halisi hatalikana. Aliponyoka kabla ya kuulizwa. Mtu aweza kumwona mgumu kupita kiasi, lakini mimi naona mtu aliyejua kwamba uongo wa lazima huacha alama kwa anayeusema, na kwamba siku atakapoacha kuihisi alama hiyo atakuwa amepoteza kitu.

Sahihi ambayo hawakuitia

Februari 1943 polisi walikuja kuwakamata Trocmé, Theis na mwalimu mkuu wa shule ya serikali, Roger Darcissac. Waliomfuata Trocmé walifika jioni, na Magda akawaalika mezani kula. Wanakijiji walileta zawadi za safari, wakaimba mchungaji wao akiondoka. Hakukimbia. Walipelekwa kambini karibu na Limoges, wakakaa kama mwezi mmoja.

Kisha ikaja amri ya kuwaachia kwa sharti moja: watie sahihi kwamba watamheshimu Marshali Pétain na kutii bila kuuliza amri za serikali. Darcissac alitia sahihi. Alikuwa mtumishi wa serikali. Trocmé na Theis walikataa. Wafungwa wenzao, wakomunisti wengi wao, waliona ni wazimu: ile ni karatasi tu, tia sahihi, toka, ukaendelee na kazi yako. Wachungaji walirudi kwenye kibanda chao wakijua kwamba huenda hawatatoka tena. Kesho yake wakaachiwa bila sahihi.

Hapa msomaji makini ataniuliza: watu waliokubali mihuri ya uongo kwa wengine, kwa nini wakatae sahihi moja ya uongo iliyowatoa wao? Hawakujichanganya? Nadhani hapa ndipo walipoielewa imani yao vizuri kuliko mahali pengine popote. Kitambulisho cha bandia kilimkinga mtu mwingine dhidi ya swali lisilo na haki. Sahihi ile ilikuwa neno lao wenyewe, ahadi ya kutii bila kuuliza, na utii wa namna hiyo hawakuwa na ruhusa ya kumpa mwanadamu yeyote. Ilikuwa heri wakose uhuru wao wenyewe kuliko wautoe mikononi mwao ule uwezo wa kusema hapana, ambao wakimbizi wote waliutegemea. Darcissac simhukumu. Alirudi akaendelea kuwasaidia wakimbizi, na Mungu anajua alichokuwa nacho moyoni aliposhika kalamu.

Kisichoruhusiwa na kisa hiki

Kisa kama hiki hutumiwa vibaya. Mtu anayekwepa kodi, anayejenga bila kibali au anayeendesha gari bila leseni huanza kunukuu Matendo 5, lile neno la Petro la kumtii Mungu kuliko wanadamu. Kwangu mimi dalili ya kwanza ni kuuliza faida inamwangukia nani na gharama inamwangukia nani. Le Chambon faida ilikwenda kwa mgeni, gharama ikabaki kwa mwenyeji. Daniel Trocmé, ndugu wa ukoo wa mchungaji, alikamatwa tarehe 29 Juni 1943 pamoja na vijana 18 wa bweni alilolisimamia, akafia katika kambi ya Wanazi ya Majdanek mwaka 1944. Daktari wa kijiji, Roger Le Forestier, aliuawa kwa risasi Agosti mwaka huo. Pale ambapo mimi ndiye nifaidikaye na jirani yangu ndiye alipaye, nina kila sababu ya kuishuku dhamiri yangu.

Wengine huongeza sharti kwamba anayevunja sheria kwa dhamiri lazima akubali adhabu waziwazi. Ni sharti zuri pale adhabu inaponiangukia mimi. Katika majira ya joto ya 1943 Trocmé na Theis walijificha, na sioni walilokosa: mchungaji akikamatwa akateswa, wanaofichwa ndio wanaoanguka. Kapu la Dameski linatosha kuwatetea.

Linabaki jambo la askari na maafisa, ambalo linanisumbua kuliko habari ya wachungaji. Kabla ya misako, simu zilikuwa zikilia katika nyumba ya mchungaji, na sauti isiyojitaja ikatoa onyo la msako unaokuja. Aliyezipiga lazima alikuwa na njia ya kuzijua amri kabla hazijatekelezwa. Ikiwa alikuwa mtumishi wa serikali, alikuwa ameapa, alikuwa akilipwa mshahara, na alikuwa akivujisha siri za kazi. Kwa hesabu ya sheria kosa lake ni zito kuliko la mkulima aliyemficha mtoto ghalani. Namtetea, lakini kwa uchungu, kwa sababu naona kwamba kiapo cha kazi ni kitu cha thamani na nchi haisimami bila watu wanaokishika. Alichokiapia kilikuwa kuwalinda watu, na amri mpya ilimtaka awawinde. Kama angeweza, ilimpasa akatae waziwazi na kuiacha kazi. Lakini akiiacha, simu haitapigwa tena. Hapo sina kanuni ya kumpa. Ninachoweza kusema ni kwamba yule aliyepokea amri ya msako huo, akaitekeleza barabara, kisha akalala akisema alifuata sheria, naye alikuwa amefanya uamuzi wa dhamiri sawa na mwenzake, na Warumi 13 haimwondolei hesabu yake.